Maji Yamepoa

Mimi ni mtu wa kinyaa. Nasema mapema ili asije mtu akadhani nilianza kukunja pua baada ya safari ile ya mto. Nilianza zamani, nyumbani Mollo, nikiwa mtoto anayekataa togwa kwa sababu kata imepita midomoni mwa wajomba. Mama alikuwa akisema huyu ataolewa na sabuni. Sikuolewa na sabuni, ila nilipata kazi ya ukoo huo huo: ni bibi afya. Nimeizunguka Sumbawanga miaka mingi nikiwa na daftari na kopo la rangi nyekundu, nachungulia vyoo vya watu, mabucha ya watu na masufuria ya mama lishe. Kinyaa changu kinalipwa mshahara. Lakini habari ninayotaka kuisimulia ni ya mkono wa mzee mmoja wa bondeni, mkono wake wa kulia, na jinsi kinyaa hicho kilivyouponza. Sitajitetea sana. Pale nitakapojitetea mtaniona.

Ilianzia Alhamisi, kwenye gulio moja la pembeni mwa mji. Nilifunguliwa stoo ya muuza samaki nikakuta viroba ishirini vya samaki wakavu waliotoka ziwani, vimenyeshewa, vimevunda, na funza wanatembea juu yake kama wenye nyumba. Mwenye mali ananiambia eti jua likitoka samaki watakaa sawa. Watakaa sawa! Nikatoa kopo langu nikachora X nyekundu kwenye kila kiroba, kubwa, ya kwangu, namna ninavyoichora siku zote: mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Maana yake hiki hakifai kwa binadamu. Halafu nikaamuru midomo ya viroba ifungwe kwa waya, ikazwe kwa koleo, maana sikutaka hata funza mmoja atoke kunisalimia.

Sheria inasema vichomwe na kufukiwa. Ila siku hiyo mafuta ya kuchomea hayakuwepo, shimo lilikuwa limejaa maji ya mvua, na mimi nilikuwa nataka kwenda kuoga. Yule muuzaji akauliza, sasa mama nivipeleke wapi? Nikamjibu kwamba mimi sijui, nisivione hapa kesho. Akabaki kunitazama. Basi nikamwonyesha kwa midomo. Hata kidole sikukitoa. Nilibinua midomo kuelekea korongo lililo nyuma ya gulio, nikageuza shingo, nikaondoka. Sisi wa juu, wa mjini huku milimani, tuna neno letu, kuanzia mama wa nyumbani mwenye ndoo ya taka hadi mkubwa mwenye ofisi: mvua itapeleka. Hakuna anayeuliza inapeleka wapi.

Usiku wa Ijumaa mvua ikanyesha mpaka mabati yakawa hayasikilizani. Jumamosi asubuhi tukashuka bondeni kula raha.

Wazo lilikuwa la rafiki yetu mfanyabiashara wa mchele, mwanamke aliyehamia kwetu kutoka Mbeya, ambaye kila wiki hushuka Muze na Mtowisa, huko bondeni, kununua mpunga. Alisema tumekaa mjini mpaka tumeganda. Akatuahidi boti, mto, samaki wa kuchoma na kuteremka polepole hadi karibu na ziwa. Tulikuwa wanne: yeye; mwalimu, ambaye ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza, mpole kupita kiasi; karani wa ofisini kwetu, mwanamume wa makamo anayeongea kama kijana wa stendi, kila kitu kwake mshikaji na poa; na mimi. Tulijibana kwenye kirikuu cha kubebea mchele, tumevaa makoti na buti za mvua kama wanavyovaa watu wa baridi. Tulipofika chini ya milima, joto lilitupokea makoti yakawa adhabu. Karani alivua shati kabisa. Jasho lake sitalisimulia.

Bandari, eti waliita bandari, ilikuwa tope jeusi lililochanganyika na magamba ya samaki na mavi ya mbuzi. Watoto wanaoga, hatua tano chini yao mama anachota maji ya kunywa. Nilimuuliza kama anaona anachokifanya. Akanisalimia vizuri tu, akajitwika ndoo yake akaenda zake. Mwalimu akanivuta mkono, akaniambia leo sipo kazini.

Mwenye boti alikuwa mzee mfupi, mkavu, mikono mikubwa kuliko mwili. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba wanangu, akatupa masharti yake kwa sauti ya chini. Viatu vivuliwe, maana buti ikijaa maji ni jiwe. Kila mtu akae pale alipokalishwa. Asisimame mtu, hata akiona nini. Mfanyabiashara alivua ndala zake papo hapo akapanda. Mimi nilitazama sakafu ya boti. Kulikuwa na maji ya rangi ya kutu, yanaelea macho ya samaki, macho matupu bila samaki. Nikasema mimi nitabaki na buti zangu. Mzee hakubishana, alikaa tu juu ya injini yake akisubiri, na wenzangu wakaanza kunitazama vibaya. Mwishowe nikavua. Ule utelezi ulivyonipenya kati ya vidole vya miguu, jamani, hadi leo nikiukumbuka nakunja vidole.

Tukaondoka. Na hapo ndipo nilipouona ule mkono.

Mzee alishika usukani wa injini kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuning'iniza nje ya boti, vidole vinne ndani ya maji mpaka kwenye kifundo, muda wote, kama mtu aliyesahau kwamba ana mkono. Kisha anautoa, anajifuta uso. Anautoa, anamenya muhogo wa kuchoma, anakula. Anaurudisha majini. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye kuliko wote, nyuma kabisa, nikawa nahesabu. Katika yale maji nilikwishaona kinyesi cha ng'ombe, kinyesi cha kiboko na kitu ambacho sikutaka kujua ni kinyesi cha nani. Nikajisemea, mzee mzima ovyo, hana hata aibu ya wageni.

Kazi yake aliijua, hilo sitamnyima. Mto ule si wa mchezo. Kuna visiki vimelala chini ya maji vinasubiri tumbo la boti, na yeye alivitambua kwa mkunjo mdogo tu juu ya maji, akavizunguka bila kukatiza mazungumzo. Kuna mafungu ya mchanga yanayohama kila mvua; akifika hapo anazima injini, anainyanyua, anasukuma kwa mti mrefu, na akituona tumeanza kusaidia kwa kunyanyuka anatuambia tukae. Kwenye kona moja alizima injini akasubiri, akigonga ubavu wa boti kwa kipande cha ubao, taratibu. Vichwa vya viboko vikaibuka kimoja kimoja. Akahesabu sita. Karani akasema si tupite sasa, mshikaji. Mzee akasema hapa wanakaa saba. Tukasubiri wa saba mpaka jua likatuchoma masikio, na alipoibuka aliibuka pale pale tulipotaka kupita. Aliibuka kinyumenyume, akatikisa kimkia chake na kurusha mavi mpaka kwenye koti langu. Wenzangu walicheka. Mwalimu alicheka hadi machozi yakamtoka.

Njiani tulisimama kwenye kambi ya wavuvi tukanunua perege wabichi. Nzi wa pale sikuwahi kuwaona sokoni kwetu, na sokoni kwetu nzi tunao. Samaki wameanikwa kwenye vichanja, mbwa wanalala chini yake wakidondokewa, na choo hakuna, hata cha uongo. Nikawaza viroba vyangu ishirini. Nikasema kwa sauti, mnaona sasa tunaletewa nini kule juu? Uchafu wote unatoka huku. Mfanyabiashara alikuwa anapatana bei.

Saa sita tukapaki kwenye fungu kubwa la mchanga katikati ya mto, mchanga mweupe, mahali pa kwanza siku hiyo ambapo ningeweza kuketi bila kutandika kitu. Tukawasha moto. Mfanyabiashara akavuka sehemu ya maji ya magotini kwenda ng'ambo kwenye matete kujisaidia. Mzee akapasua samaki, akawapaka chumvi, akawapanga kwenye moto, akawa anawageuza. Kwa mkono ule ule.

Nilivumilia samaki wa kwanza. Alipomshika wa pili, ambaye nilijua ni wangu, ulimi ukanitoka.

"Mzee, samaki wangu usimguse kwa mkono huo."

Sikusema kwa ukali. Nilisema kwa sauti ile ya kazini, ya kawaida kabisa, na nadhani hiyo ni mbaya zaidi. Mzee alimwachia samaki. Aliutazama mkono wake, mbele na nyuma, kama anayetafuta kilichoonekana. Kisha akauweka nyuma ya mgongo, akaondoka pale motoni, akaenda kuchuchumaa ukingoni peke yake. Mwalimu akaniambia kwa Kifipa kwamba nimemvunjia heshima mtu wa umri wa baba yangu. Halafu akaongeza kwa Kiswahili, ili na karani asikie, kuwa nyani haoni kundule. Nikamuuliza kundu gani ninalo mimi. Akageuza samaki.

Hazikupita dakika nyingi mzee akainuka. Akasema kutoka kule kule alipokuwa, maji yamepoa.

Karani akamnyooshea dole gumba, akasema poa mzee, na sisi tuko poa kabisa. Akacheka mwenyewe. Mzee akasogea. Hakwenda kwa karani, alikuja kwangu, nadhani kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na sura ya mkubwa wa msafara. Alisimama mbali kidogo na chakula changu, mkono bado uko mgongoni.

"Mama, maji yamepoa. Twendeni."

Nikamjibu, nikiwa na samaki mdomoni: "Kama yamepoa, haraka ya nini?"

Hapa ndipo nitakapojitetea. Kwetu kitu kikipoa kimetulia. Mtu akipoa hasira zimekwisha. Homa ikipoa mgonjwa anaomba uji. Chai ikipoa mtoto anapewa. Mtu aje aniambie mto umepoa, tena kwenye nchi ya joto namna ile, mimi nasikia habari njema. Nilidhani mzee ananuna kwa yale maneno yangu na anataka siku iishe. Naye hakurudia mara ya tatu. Mtu akishaambiwa mkono wake unatia kinyaa, na aliyemwambia ni mtu wa serikali, hawezi kumshika bega amtikise. Alikwenda kwenye boti akaanza kufungua kamba.

Tulikula. Tulilamba na mifupa. Mfanyabiashara akarudi, na maji aliyoyaacha magotini yakawa yamemfika mapajani. Akaona mzee amekaa kwenye injini anatungoja, akamuuliza kuna nini, akajibiwa. Akatugeukia na uso ambao sijamwona nao tena.

"Amesema yamepoa, na mmekaa?"

Alitueleza huku anatusukumia botini na vyombo vyetu. Maji ya bonde ni ya moto, ukitia mkono ni kama ya kuogea. Yakipoa ghafla, hayo si ya bonde. Ni mvua ya kwetu, ya juu, imeshuka milimani na inakuja na kila kitu. Hapo huna muda wa kumaliza hata tonge. Jua la bondeni linakuwa linawaka vile vile, mbingu nyeupe, huoni dalili yoyote. Dalili ni ule ubaridi tu, na mwenye kuusikia mapema kwenye mto ule alikuwa mzee huyu, kwa vidole vile vinne. Watu wa vijiji viwili walikuwa hawatoki bila kumuuliza. Ndiyo kazi ya ule mkono majini.

Tulikuwa hatujamaliza kukaa sawa povu likafika. Lilikuja kwanza lenyewe, la rangi ya maziwa machafu, linapiga kelele kama kitu kinachokaangwa. Nyuma yake mabua ya mahindi, magome, kuku aliyekufa. Kisha takataka. Mto mzima wa takataka: chupa, ndala, nepi za watoto, beseni lililopasuka, mifuko ya nailoni imevimba. Fungu la mchanga tuliloketi likaliwa tukiliona. Mimi nilifunika pua kwa kitenge nikasema, Yesu na Maria, watu gani hawa wanaotupa vitu hivi? Ndipo nikaona beseni lina jina la bweni la shule iliyoko mtaa wa nyuma ya nyumba yangu.

Mzee alitaka kutufikisha kwenye kona yenye ukingo mrefu kabla magogo hayajafika. Tulikuwa tumekaribia. Mbele yetu, upande wa kulia, kulikuwa na mti mkubwa ulioangukia mtoni, matawi yake yanachuja maji kama fagio, na kila kilichoingia humo hakikutoka. Aliukwepa kwa mbali. Injini ikakoroma mara moja, ikazima.

Harufu ilitufikia kabla ya sababu. Propela ilikuwa imepasua kitu, na kilichomwagika nyuma ya boti kilikuwa uji mweupe wa funza na samaki walioyeyuka. Boti ikageuka ubavu, ikaanza kwenda kwenye ule mti. Mfanyabiashara akanyakua mti wa kusukumia, akausimika mchangani akaulalia kwa kifua. Karani alikuwa amefumba macho anasali. Mzee akainyanyua injini, akainama nje. Kiroba kilikuwa kimejisokota kwenye propela, waya umezunguka mara mbili au tatu, na mkondo unakivuta. Lazima mmoja akishike kiroba kisivute, mwingine atoe waya.

"Mama, shika hapa."

Nilikuwa karibu kuliko wote. Nilinyoosha mkono. Kiroba kikageuka, nikaiona X nyekundu, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Nikarudisha mkono.

Ningependa kusema nilishtushwa na alama. Si kweli. Alama niliiona, ndiyo, na nikaitambua kama ninavyotambua sahihi yangu. Lakini kilichorudisha mkono wangu ni funza. Walikuwa wanapanda kwenye vidole vya mzee, wanene, na mimi sikuweza. Mwalimu, yule mpole, alinikanyaga mapaja akapita juu yangu kwenda kukishika, lakini alichelewa. Mkondo ulikivuta kiroba, waya ukakaza, na vidole vya mzee vilikuwa kati ya waya na chuma. Hakupiga kelele. Alisema "ah," kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani. Akatoa kisu kiunoni kwa mkono wa kushoto, akakata kiroba, akakata tena, akavuta waya kutoka kwenye nyama yake, akawasha injini.

Tulipofika ukingoni salama, wenzangu wakashuka wakiwa wanalia na kucheka. Mimi nilifungua mkoba wangu nitafute kitu cha kumfungia. Mkobani, juu kabisa, kulikuwa na glavu. Pea nne, mpya, za kazini. Mwalimu aliziona, akanitazama. Nilizivaa. Nilimwosha mzee jeraha kwa maji yetu ya kunywa nikiwa nimevaa glavu, nikamfunga, nikamwamuru aende zahanati leo leo achomwe sindano ya pepopunda. Akaitikia ndiyo mama. Akasema ataifikisha kwanza boti nyumbani, kesho atakwenda. Sisi tukatafutiwa njia ya juu kwa miguu hadi kwenye gari.

Tukarudi kwa kirikuu. Nilinusa mikono yangu njia nzima. Haikuwa na harufu yoyote, kwa sababu haikuwa imegusa chochote.

Habari za mkono nililetewa na mfanyabiashara, kila alipotoka bondeni na mchele. Umevimba. Umefika kwenye kiwiko. Amepelekwa Sumbawanga hospitali. Wamekata vidole viwili ili kuokoa mkono, na viwili vilivyobaki havisikii. Alilala wodini wiki tatu, na kutoka kwangu hadi pale ni mwendo wa kumaliza muhindi mmoja wa kuchoma. Nilikwenda mara moja. Nilibeba machungwa. Nilifika mlangoni pa wodi, harufu ya kidonda ikanipokea, nikampa muuguzi machungwa nikageuka. Mtu mzima, bibi afya. Ptu. Nilipofika nyumbani nilitapika, na sijui mpaka leo nilitapika harufu au nilijitapika mwenyewe.

Januari mvua zilipochanganya nikamwomba mfanyabiashara anishushe. Tulimkuta mzee mlangoni kwake anaziba wavu, anavuta uzi kwa meno na mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameulaza mapajani kama kitu ambacho jirani amemwachia amtunzie. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanikaribisha kigoda. Njia nzima nilikuwa nimepanga hotuba. Hotuba yote ikanitoroka, ikabaki sentensi moja.

"Mzee, kile kiroba kilikuwa changu."

"Najua," akasema. "Ulivyokiangalia niliona mnafahamiana."

Akaendelea na wavu. Nilingoja anitukane, ningeshukuru. Badala yake mkwewe akaja kutoka mtoni, kijana anayeendesha boti siku hizi, akauliza kama watu watoke. Kulikuwa na wanawake wanne wenye ndoo za kwenda kununua samaki kambini. Mzee akainuka, akatuambia tumfuate. Ukingoni alinieleza, bila lawama, kwamba vidole vyake viwili hata ukivichoma moto havina habari, mkono wa kushoto haukufundishwa, na wa mkwe bado mchanga. Kisha akaniambia, wewe ni mtu wa juu, maji hayo ni ya kwenu, tia mkono uniambie kama yamepoa.

Nilipandisha mkono wa sweta. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, ukingoni limeganda povu na ndani ya povu kuna nywele za mtu. Nikatia mkono mpaka kifundo, nikatia mpaka kiwiko, nikafumba macho. Nilitaka kujua. Sikumbuki kama niliwahi kutaka kujua kitu namna ile. Lakini mimi nanawa uso kila asubuhi kwa maji ya Sumbawanga. Kwangu mto ule wote ni wa moto, uwe umepoa usiwe umepoa.

"Sijui, mzee."

Akaniambia ningoje kidogo, niache mkono utulie. Nikangoja. Wanawake wale wanne wakanitazama na ndoo zao.

"Sijui."

Basi leo boti haitoki, mzee akamwambia mkwewe. Wanawake wakajitwika ndoo tupu, mmoja akasonya, wakapanda njia kurudi kwao. Mpaka tunaondoka jioni maji hayakupanda hata kidole. Wangekwenda na kurudi salama.

Kwake tulikuta mkewe ameivisha ugali na perege wa kuchoma. Alileta jagi na beseni, lakini mzee akamnyang'anya jagi, akasema huyu ni mgeni wake. Akaninawisha mwenyewe. Maji yakanimwagikia magotini.

"Unisamehe, mwanangu," akasema. "Nakunawisha kwa kushoto."

Kisha akauficha ule wa kulia nyuma ya mgongo, na samaki akamwachia mkewe aniwekee.